Mali bila daftari: barua ya wazi kwa wanaosimamia vielelezo vya sayansi nchini Uganda

Kwa wakuu wa Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Kwa Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Na kwa wakurugenzi wa taasisi za utafiti za Kawanda, Jinja na Entebbe.

Waheshimiwa,

Salamu na heshima kwenu nyote. Mimi ni mtunza taarifa za vielelezo hapa Kampala, mzaliwa wa Arua. Vielelezo ninavyosema ni mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, wadudu waliochomwa pini, samaki na vyura waliomo kwenye chupa za spiriti, ngozi za ndege, mafuvu, na visukuku kutoka Karamoja. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yetu imekuwa kuvipiga picha vitu hivi na kuziweka picha hizo katika maktaba za kidijitali, ili mwanafunzi wa Gulu au mtaalamu wa mimea aliye Nairobi aweze kuvichunguza bila kufunga safari. Ni kazi ninayoipenda, na kwa kuwa naipenda ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Ninalo ombi moja. Tafadhalini msiidhinishe tena, wala msitoe fedha, kwa mradi wowote wa kupiga picha vielelezo vyetu ambao haukulipia pia maelezo ya kila picha na mtu wa kudumu wa kuyatunza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunajaza maghala ya picha na daftari hatuna.

Mwendo wa miradi hii tunaufahamu sote tuliomo kazini. Fedha za mfadhili huja kwa miaka miwili au mitatu. Hununuliwa kamera, taa na kompyuta, vijana huajiriwa kwa mkataba, na lengo huandikwa kwa idadi ya picha. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni picha, picha ndizo zinazopatikana. Mradi ukifungwa, vijana huondoka na mpangilio wa mafolda yao kichwani, diski hufungiwa kabatini, na anayebaki hukuta maelfu ya mafaili yenye majina kama IMG_0042. Katika taasisi moja niliyowahi kuitumikia, folda nzima ya picha za wadudu ilikuwa safi kabisa, imepigwa kwa lenzi nzuri, kila mguu wa mbawakavu ukionekana na unywele wake. Lebo zao, ambazo huwa chini ya mdudu kwenye pini ileile, hazikupigwa hata moja. Hakuna aliyeweza kusema mdudu gani alitoka msitu wa Mabira na yupi alitoka msitu wa Budongo. Kwa sayansi, picha zile zilikuwa mapambo.

Huambiwa mara nyingi: tupige picha kwanza, maelezo tutayajaza baadaye. Nawaomba msiikubali hoja hiyo tena. Maelezo ya kielelezo yako mahali matatu: kwenye lebo, kwenye daftari la mkusanyaji, na kwenye kumbukumbu ya watu waliokuwapo. Lebo hufifia, wino hunywewa na spiriti. Daftari hubaki nyumbani kwa mkusanyaji na kutupwa na warithi wasiojua thamani yake. Watu hustaafu na hufa. Katika hivi vyote, picha peke yake ndiyo inayoweza kurudiwa kesho.

Chukueni mfano unaojulikana dunia nzima na uliozaliwa hapahapa. Mwezi wa Aprili 1947, watafiti wa Entebbe waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano walitoa damu kwa tumbili wa aina ya rhesus aliyewekwa kwenye jukwaa katika msitu wa Zika. Ndani ya damu hiyo wakapata kirusi kisichojulikana. Mwaka uliofuata wakakipata tena katika mbu Aedes africanus wa msitu uleule. Aina ile ya kwanza ya kirusi iliitwa MR 766, kwa sababu tumbili mwenyewe alikuwa nambari 766. Mlipuko ulipoikumba Brazil mwaka 2015, maabara nyingi duniani zilikirudia kirusi cha 1947 ili kukilinganisha na kile kipya, na hadi leo nambari ya tumbili yule wa Entebbe inaandikwa katika makala za kisayansi. Kilichowezesha hayo ni uaminifu wa watu walioandika nambari, tarehe, mnyama na msitu, wakahakikisha vinaandamana na kichupa kila kilikokwenda. Mimi natoka West Nile, eneo ambalo jina lake limebebwa na kirusi kingine kilichopatikana huko mwaka 1937, kwa hiyo najua fika kwamba mahali palipoandikwa kwenye lebo hapafutiki upesi.

Maelezo ninayoyadai si mengi. Kwa kielelezo chenyewe: nani alikikusanya, kwa nambari ipi ya daftari lake, lini, wapi, katika mwinuko gani na mazingira gani, nani alikitambua na mwaka gani. Dunia imekwisha kukubaliana namna ya kuyapanga; kanuni inaitwa Darwin Core, iliidhinishwa mwaka 2009, na ndiyo inayotumiwa na GBIF, mtandao wa kimataifa wa takwimu za viumbehai wenye makao Copenhagen. Kwa picha nako kuna maswali yake: ni ya kielelezo kipi, inaonyesha upande gani, ilipigwa lini na nani, kwa kifaa gani, kipimo cha urefu kimo ndani ya picha au hakimo, kadi ya rangi (kipande chenye rangi sanifu za kulinganishia) imewekwa au haikuwekwa, na nani ana haki ya kuitumia. Watu huyachanganya mafungu haya mawili, na hapo ndipo fujo inapoanzia. Nimeona tarehe ya kupiga picha ikiingizwa kama tarehe ya kukusanya, mmea wa miaka ya 1930 ukaonekana umechumwa juzi.

Fujo hiyo huongezeka pale ambapo mfumo wa maktaba ya vitabu unatumiwa kwa vielelezo bila kurekebishwa. Hazina ya kidijitali ya Makerere, ambayo hutumia programu ya DSpace, imefanya kazi njema kwa tasnifu na makala, na tasnifu ina mwandishi mmoja anayejulikana. Lakini jani la musizi lina nani? Aliyelipa jina la kisayansi la Maesopsis eminii ni Engler, Mjerumani. Aliyelichuma ni mtu mwingine. Aliyelitambua miaka ishirini baadaye ni wa tatu. Aliyelipiga picha ni wa nne. Mfumo ukiwa na nafasi moja tu ya mwandishi, watatu kati ya hawa watapotea, na kwa kawaida wanaopotea ni wakusanyaji na wapiga picha wetu wa Uganda. Vielelezo vipewe mfumo wao, kisha uunganishwe na maktaba. Programu zipo: Specify na Symbiota ni za bure na zimejaribiwa kwingineko. Sibishanii ipi ichaguliwe. Chagueni yoyote ambayo taarifa zake zinaweza kutolewa nzima na kuhamishiwa penginepo siku ya haja.

Sasa niseme juu ya mahali, kwa sababu hapa ndipo nchi yetu ina ugumu wake, na mgeni hawezi kututatulia.

Lebo za zamani zinasema Mengo, Toro, Kigezi, Ankole, Bunyoro. Leo tuna wilaya zaidi ya 130. Anayejaza fomu kwa haraka akiona Mengo huandika Kampala, kwa kuwa Mengo ni kilima cha Kampala, kumbe wilaya ya Mengo ya wakati ule ilikuwa eneo kubwa la Buganda lililofika mbali na mji. Kisha kuna majina yaliyogeuzwa na kurudishwa. Ziwa Edward liliitwa Ziwa Idi Amin Dada katika miaka ya 1970, na Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko. Hifadhi ya Queen Elizabeth ikawa Ruwenzori kwa muda mrefu kabla ya kurudishiwa jina lake, na Murchison Falls ikawa Kabalega. Kompyuta ikiambiwa Ruwenzori itakipeleka kielelezo cha Mweya, iliyo tambarare ndani ya hifadhi hiyo, juu kwenye milima ya theluji yenye jina hilohilo, na mmea wa nyika utaonekana unaota karibu na barafu. Wataalamu waliotunga kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyokamilika mwaka 2012 baada ya miongo mingi, waliigawa Uganda katika maeneo manne tu, U1 hadi U4, ili kukwepa vurugu hii. Kwa kitabu ilitosha. Kwa uhifadhi wa leo haitoshi, maana U2 peke yake ni magharibi nzima.

Sheria ninayoiomba hapa ni nyepesi: maneno ya lebo yaandikwe kama yalivyo, herufi kwa herufi, katika nafasi yake, tafsiri yetu ya leo iandikwe katika nafasi ya pili, na aliyetafsiri aweke jina na tarehe. Asifute mtu maneno ya asili kwa kudhani anasahihisha.

Halafu kuna ikweta. Inapita katikati yetu, na latitudo za kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikianguka wakati wa kunakili jedwali, kielelezo cha Mbarara huruka kaskazini zaidi ya kilomita 130 na kutua karibu na Kyenjojo. Hakuna kengele itakayolia, kwa sababu Kyenjojo nako ni Uganda na nako kuna miti. Kosa la namna hii nchini Norwe lingeonekana siku hiyohiyo, kwani kielelezo kingeangukia bahari ya kusini. Kwetu linajificha. Vilevile ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilitumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84. Tofauti ya misingi hiyo miwili hapa kwetu ni takriban mita 300. Kwenye tambarare ni kidogo. Kwenye mteremko wa Elgon, mita 300 zinaweza kuutoa mti ndani ya hifadhi na kuuweka kwenye shamba la mtu, na mkiwa na kesi ya mpaka mbele yenu mtatamani sana kujua kipimo kilitoka kwenye ramani au kwenye simu. Nafasi ya kuandika msingi wa vipimo imo katika Darwin Core. Katika majedwali mengi niliyokabidhiwa haikujazwa.

Nakuja kwa samaki wa Jinja, kwa sababu kwao picha yenyewe ni taarifa isiyo na mbadala. Nkejje, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni mamia ya spishi zinazofanana umbo, na dume hutambulikana sana kwa rangi zake za kuzaliana: nyekundu, buluu, manjano. Rangi hizo hupotea akishatiwa kwenye formalini na spiriti. Baada ya muda wote huwa kahawia au kijivu. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki, alifanya kazi Jinja katika miaka ya 1950 na vielelezo vingi vya wakati wake viko London. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka hiyohiyo, na ilipofika miaka ya 1980 spishi nyingi za nkejje zilikuwa haziwaingii tena wavuvi nyavuni. Kwa hiyo picha ya samaki hai, iliyopigwa dakika chache baada ya kuvuliwa, huku kadi ya rangi ikiwa kando yake, ndiyo kumbukumbu pekee ya sura aliyokuwa nayo majini. Picha hiyo isipofungamanishwa na chupa alimowekwa samaki yuleyule, kwa nambari ileile, tunabaki na rangi isiyo na samaki na samaki asiye na rangi. Na majina yao hayatulii: Greenwood mwenyewe, mwaka 1979 na 1980, aliipasua jenasi ya Haplochromis kuwa jenasi nyingi, na wataalamu wengine wamezirudisha nyingi ya spishi hizo kwenye jina la zamani. Ndiyo maana utambuzi wa awali haufutwi. Unaongezwa mwingine juu yake, na mtiririko wote unabaki kusomeka.

Kuhusu nambari: kila kielelezo kipewe nambari moja ya kudumu, yenye bakodi, kabla hakijafika mbele ya kamera. Jina la faili libebe nambari hiyo. Bakodi ionekane ndani ya picha. Kazi hii inachosha na haipendezi kwenye ripoti ya mfadhili, lakini ndiyo inayofanya picha iweze kurudi nyumbani kwake ikipotea njia. Na tafadhali, picha za vielelezo zisisafirishwe kwa WhatsApp. Najua ndiyo njia rahisi ya kutuma kitu kutoka Kidepo hadi Kampala. Lakini picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, yaani tarehe, saa, kamera na mahali. Kinachofika ni kivuli.

Uhifadhi wa mafaili unahitaji hesabu ya wazi kabla ya kuanza. Karatasi moja ya mmea ina ukubwa wa sentimita 29 kwa 43 hivi. Ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, kiwango ambacho hebaria nyingi (hifadhi za mimea iliyokaushwa) hukitumia kwa vielelezo vya asili, yaani vile ambavyo spishi zilipewa majina kutokana navyo, picha inakuwa na pikseli milioni 70, na faili la TIFF lisilobanwa lina takriban megabaiti 200. Karatasi 50,000 ni terabaiti 10. Nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine, ni terabaiti 30. Hizo si gharama za kutisha kwa nchi. Zinatisha tu zisipokuwa kwenye bajeti, kwa sababu hapo ndipo mtu huamua kubana mafaili yote yawe JPEG ndogo ili yaenee kwenye diski iliyopo, na uamuzi huo haurudi nyuma. RENU inaunganisha vyuo vyetu kwa mtandao wa kasi, na NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, inaendesha kituo cha taifa cha data. Miundombinu ya kuanzia tunayo.

Kwa nini nakala iwe mji mwingine, hamhitaji kuelezwa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliteketea mbele ya macho yetu. Miaka miwili kabla, tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliungua na sehemu kubwa ya vitu vyake takriban milioni 20. Hebaria ni karatasi kavu na majani makavu. Chumba cha samaki ni spiriti. Sitasema zaidi.

Jambo moja linanisumbua kuliko yote kuhusu uwazi, na naomba mlipime kwa makini, kwa sababu wapo wenzangu wazuri wasiokubaliana nami. Mimi naamini taarifa za vielelezo vyetu ziwe wazi kwa wote, isipokuwa mahali halisi pa viumbe vinavyowindwa na wezi. Encephalartos whitelockii, mmea wa jamii ya sikadi, hauoti porini popote duniani ila kwenye bonde la maporomoko ya Mto Mpanga, magharibi mwa Uganda. Ndugu yake Encephalartos equatorialis yuko kwenye kipande kidogo cha mwambao wa Ziwa Victoria. Mimea hii hununuliwa kwa fedha nyingi na watu wa kukusanya. Simu ikipiga picha ya mche wake porini, huandika ndani ya faili mahali pake kwa usahihi wa mita chache. Anayeipandisha picha hiyo mtandaoni bila kuisafisha amempa mwizi ramani. Kwa hiyo ziwepo nakala mbili: ya ghalani yenye kila kitu, na ya umma ambayo mahali pamefichwa hadi kiwango cha wilaya, pamoja na maandishi yanayosema wazi kuwa pamefichwa na kwa sababu gani. Kuficha bila kusema umeficha ni kudanganya. Na uamuzi wa kipi kifichwe usiachiwe fundi wa kompyuta peke yake. Ukae na wataalamu wa viumbe pamoja na Mamlaka ya Wanyamapori.

Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia lina ufunguo mkubwa mkononi, nao ni kibali cha utafiti. Mtafiti yeyote anayekusanya vielelezo nchini hupitia kwenu. Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kutumia rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, na tulikuwa na kanuni zetu za rasilimali za kijenetiki tangu mwaka 2005. Naomba kibali kiwe na sharti linaloeleweka: picha zote za vielelezo, pamoja na maelezo yake kamili katika muundo uliokubaliwa, ziwekwe kwenye hifadhi ya Uganda kabla ya ripoti ya mwisho kupokewa. Hilo liwahusu pia wanaochukua vielelezo nje kwa uchunguzi. Fuvu la sokwe wa kale, la takriban miaka milioni 20, lililopatikana Napak mwaka 2011 lilipelekwa Paris kuchunguzwa, na hakuna ubaya katika hilo, kwa sababu mashine zilikuwa huko. Lakini kila kisukuku kinachopigwa eksirei au skani za pande tatu ng'ambo kinazaa mafaili, na mafaili hayo ni sehemu ya kisukuku. Yarudi nacho. Yakibaki kwenye seva ya chuo cha ugenini, mwanafunzi wa Moroto ataomba ruhusa barani Ulaya ili kuona mfupa uliochimbwa karibu na kwao.

Nikiwa hapohapo, naomba fomu iwe na nafasi ya majina ya kienyeji, na iandikwe jina ni la lugha gani na limesemwa wapi. Mvule, mugavu, musizi: haya ndiyo majina ambayo mkulima, mganga na askari wa msitu wanayatumia. Maktaba isiyotafutika kwa majina hayo imefungiwa wachache. Kiswahili nacho kiwemo, kwa kuwa Baraza la Mawaziri lenyewe liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, na jirani zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanasoma kwa lugha hiyo.

Nimeacha suala la watu hadi hapa kwa sababu ndilo zito zaidi, na kwa sababu najua litawagharimu kuliko kamera.

Hakuna mfumo uwezao kusimama bila mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha ya mishahara ya serikali na kazi yake ni taarifa za vielelezo, mwaka huu na mwaka ujao. Leo kazi hii hufanywa na mafundi wa mikataba ya miezi, wanafunzi wanaojitolea, na wastaafu wanaoitwa kwa simu kuulizwa mwandiko huu ni wa nani. Kijana anafundishwa kusoma mwandiko wa miaka ya 1940, anajifunza kutofautisha wakusanyaji wawili wenye herufi za mwanzo zinazofanana, anajua kwamba daftari fulani lina kurasa zilizorukwa. Siku anapoanza kuwa hodari, mkataba wake unakwisha. Anakwenda kuuza data za simu au kufanya kazi benki, na simlaumu, ana watoto. Anayekuja baada yake huanza upya. Tumekuwa tukimlipia mgeni tiketi ya ndege aje kutufundisha kwa wiki mbili yale ambayo vijana wetu tuliowaacha waondoke wanayajua.

Kila taasisi miongoni mwenu inahitaji angalau msimamizi mmoja wa taarifa na fundi mmoja wa picha, wenye ajira ya kudumu, ngazi ya mshahara inayoeleweka na njia ya kupanda cheo. Cheo hicho hakimo katika miundo ya utumishi ninayoifahamu. Anayefanya kazi hii huandikwa karani wa maktaba au mhudumu wa maabara, na hupandishwa tu akiacha kuifanya. Kiundwe. Wapewe pia mamlaka ya kusema hapana: picha isiyo na nambari isipokewe hifadhini, hata ikiletwa na profesa.

Baraza la Sayansi liite kikao cha taasisi hizi zote, zikubaliane juu ya fomu moja, orodha moja ya majina ya mahali ya zamani na ya sasa, na mtindo mmoja wa nambari. Kazi ya orodha ya mahali peke yake ingetuokoa miaka, na inaweza kuanza hata kabla fedha hazijapatikana, kwa kuwa wazee wanaozikumbuka kaunti na gombolola za zamani bado wapo nasi.

Mapendekezo ya awali ya bajeti hufika Bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba. Naomba katika mapendekezo yajayo ya wizara na taasisi zenu kiwemo kifungu cha nafasi hizi za kazi na cha hifadhi ya mafaili, kikisimama peke yake, kisizamishwe ndani ya vifaa vya ofisi. Mtakapoamua, tujulisheni hadharani kama nilivyowaandikia, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani mwaka huu. Sisi tuliomo ndani ya vyumba hivi tutaendelea kuandika lebo, na tuko tayari kuja kuwaonyesha kazi siku yoyote mtakayotuita.

Wenu kwa heshima,

Mtunza taarifa za vielelezo,
Kampala